Joto la Chuma Cheusi

Shomvi alikuja asubuhi kulifuata jembe lake. Alikuwa amesikia kwamba Mbaruku, mhunzi wa mji, amepofuka, akaona heri alichukue kabla halijaharibiwa.

"Si kwamba sikuamini, fundi," alisema akiingia karakanani. "Lakini kazi ya chuma inataka macho."

Jembe lenyewe Mbaruku alikuwa amelitoa motoni muda mfupi tu na kulilaza juu ya jiwe kando yake. Wekundu ulikuwa umekwisha kulitoka, mkewe Mwanahawa alimwambia hivyo, lakini yeye bado alihisi joto lake kwenye shavu la kushoto, kama jua la asubuhi linapoingia dirishani.

Ghafla lile joto likakatika, kama vile mtu amepita mbele ya jua.

"Ondoa mkono!"

Shomvi akaganda. Vidole vyake vilikuwa vimekaribia kabisa kuligusa jembe ambalo, machoni pake, lilikuwa jeusi na limepoa zamani.

Mwanahawa aliacha kuvukuta moto, akachovya vidole majini na kulidondoshea jembe matone mawili. Yakalia chwaa, yakageuka mvuke.

"Umejuaje, fundi?" Shomvi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mkono wako umenizibia joto."

Kisha Mbaruku akasikia magoti yakilia karibu na jiwe. Mtu alikuwa anachuchumaa.

"Anafanya nini?" alimnong'oneza mkewe.

"Amefumba macho," Mwanahawa akajibu. "Analielekezea shavu."