Filta ya Mwenye Haraka

"Hiyo weka chini!"

Mama Mapacha aliipokonya filta ya oili mkononi mwa mteja, akairudisha kwenye rafu nyuma yake.

Mteja, kijana mtanashati mwenye viatu vyeupe pe, alibaki kakunjua vidole hewani. "Mama, si filta tu? Nipe yoyote niondoke. Taa ya oili inaniwakia tangu asubuhi."

"Filta tu!" Mama Mapacha alimgeukia mumewe, aliyekaa kwenye kreti nyuma ya kaunta akipuliza chai. "Baba Mapacha, umesikia? Gari kama lile, mtu anasema filta tu!"

Nje ya duka lilisimama gari la mbio, jekundu, limelala chini kama paka anayenyemelea panya. Hata likiwa limezimwa, ungedhani linakimbia.

Baba Mapacha alichungulia, macho yakamtoka. "Mke wangu, lakini lile gari..."

Mama Mapacha akamkanyaga mguu. Chai ikamwagika.

"Nenda stoo ukalete filta za maana," alisema.

"Stoo ipi?"

"Ile ya mtaa wa pili, baba watoto. Stoo tunayo ngapi?"

Baba Mapacha alimtazama mkewe, akalitazama gari, akamtazama tena mkewe. Kisha akavaa ndala zake, akatokea mlango wa nyuma.

Mteja akaguna. Alikuwa ameingia maduka mengi ya spea, na muuzaji aliyenusa pesa alimjua kwa harufu. "Mama, usinifanye mjinga ukanipandishia bei. Hizo zilizo hapo zina kasoro gani?"

"Hii karatasi yake nyepesi. Injini yenye tabo ya kuisukumia hewa inachemsha oili kama uji. Karatasi itachanika, uchafu wote uingie ndani."

"Basi hiyo nyingine."

"Hii haina vali ya kuzuia oili isirudi chini. Unazima gari, kesho unaiwasha injini kavu. Wewe unaweza kutoka kitandani ukakimbia bila hata kumeza mate?"

"Na ile ya bluu?"

"Ile nzuri sana."

Mteja akatoa pochi upesi.

"Nzuri kwa lori," Mama Mapacha akamalizia.

Mteja alipiga kaunta kwa kiganja. "Utajuaje ipi inafaa? Hujaniuliza hata limetengenezwa mwaka gani!"

"Muuza viatu haulizi umri wa mguu, mwanangu."

Akatoa kichwa dirishani, akamwita fundi wa gereji ya jirani. Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Kimya, maana maneno yake ya mwezi yalitosha kwenye kisahani. "Fundi, mwaga oili yote ya zamani, filta zikija tufunge tu. Mteja wetu ana haraka."

Kimya alilitazama gari. Akamtazama Mama Mapacha. Kama kawaida, hakuuliza kitu. Alipiga jeki, akaingia uvunguni, na punde oili nyeusi ikawa inatiririka kwenye karai.

"Gari lako?" Mama Mapacha aliuliza, akifuta vumbi kaunta iliyokuwa safi.

"Mjomba amenipa. Kuna mtu anakuja kuliona mchana huu, ndiyo maana nataka lingurume vizuri."

"Mjomba mwenye moyo huo! Mimi wajomba zangu hata mwavuli hawaniazimi."

Mteja alicheka kidogo, akatazama mlango. Akakaa, akasimama. Jasho lilimlowesha kola. "Huyo mzee kalala huko stoo?"

"Miguu yake mizito, lakini hufika."

"Basi nifungie hiyo ya lori!"

"Niiue injini ile kwa mikono yangu? Usiku nitalalaje?" Sauti ilimtetemeka kweli, na machozi yakamlengalenga. Mteja akapigwa na butwaa. Wauza spea wenye tamaa alikuwa amewaona. Anayelilia injini ya mtu mwingine, huyu alikuwa wa kwanza.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Baba Mapacha aliingia akihema, mikono mitupu. Nyuma yake walifuata askari wawili.

Viatu vyeupe viliruka kizingiti, vikatoka nje, vikafika kwenye gari. Lakini gari lilikuwa juu ya jeki, tumbo tupu, na mbele ya mlango wake alisimama Kimya na spana yake ndefu.

"Hili halitembei," alisema Kimya. Hayo yakawa maneno yake ya mwezi huo.

Askari walimdaka kijana kwa ukosi, wakampekua, wakamtoa ufunguo mfukoni. Mkubwa wao akausogeza kwa Baba Mapacha kwa heshima. "Shika, mzee. Wiki nzima tunalitafuta gari lako. Pole sana."

Baba Mapacha alirudi nyuma hatua mbili, kama aliyeonyeshwa nge. "Langu? Thubutu! Mimi nikikaa tu ndani yake, chai yote inarudi."

Ufunguo ulikuwa umeshakwapuliwa. Mama Mapacha alikwisha kaa nyuma ya usukani, akijifunga mkanda kifuani.

"Kimya, tia oili upesi!" alipaza sauti. "Mashindano ni kesho, na wale wanaume wameshaanza kugombania nafasi ya kwanza!"