Samaki wa Mjukuu

Siku hizi kila mtu wa nyumba lazima awe na samaki wake katika tangi dogo la kioo sebuleni. Mtoto anayezaliwa bila samaki hupelekwa kulelewa kwingine.

Binti yangu Zuhura alikuwa karibu kujifungua. Samaki wetu mmoja naye alikuwa na mimba, lakini samaki hawa hula watoto wao. Jirani yangu Bi Mwanakombo akaniletea kichaka cha majani ya majini.

"Shoga, kitoto kitajificha humu."

Leo asubuhi Zuhura akaniita. "Mama, njoo! Kile pale, nyuma ya jani!"

Kilikuwa kama punje ya mtama yenye macho. Tukapiga vigelegele, na Bi Mwanakombo akaitikia dirishani kwake, "Hongera, bibi mtu!"

Nikamtilia samaki mama chakula tena. Alikuwa ameshiba, lakini bado aliyazunguka yale majani.