Mkono wa Kuchua

"Mkono huu haukuteguka, bibi. Ulivunjika," daktari alisema, akiinua picha ya eksirei dirishani. "Ungefungwa plasta siku ile ile. Sasa mfupa umeunga upande. Nani alikuwa akikuchua?"

Bi Mwanakombo aliuficha mkono ndani ya buibui. Alijichua mwenyewe siku arobaini kwa mafuta ya ufuta, kama alivyochua kila mkono uliovimba mtaani kwao. Hata mkono wa kulia wa Saumu, binti wa jirani, ni yeye aliyeuchua. Hadi leo mtoto anakula kwa mkono wa kushoto.

Aliporudi nyumbani, alimkuta mama mmoja barazani na bintiye, mkono umetundikwa kwa kanga.

"Ameteguka tu, bibi. Mchue."

"Mpeleke hospitali."

"Hospitali ya nini na wewe upo?" Mama alicheka, akaizibua mwenyewe chupa ya mafuta, akammiminia Bi Mwanakombo kwenye kiganja cha mkono wake uliopinda. Mtoto akanyoosha mkono.