Gitaa Jeupe la Mbwera

Magitaa mawili yalilazwa mkekani kwa mwimbaji Bi Hadhara, naye alitaka kuchagua moja: jekundu la fundi Kitwana, au jeupe la fundi Mbwera. Mafundi hao hata salamu hawapeani. Kitwana alikuja na mkewe, Salima, ahakikishe hachezewi.

Kitwana alipolipiga la Mbwera, sauti ilijaa chumba. Akaingiwa na shaka, kwa kuwa sauti ile aliijua. Akapenyeza vidole tunduni, akapapasa vijiti vinavyoshikilia ubao kwa ndani. Nyumbani kwake vijiti hivyo huchongwa na Salima peke yake, kwa mti mwekundu tu, na kila kimoja hukimalizia kwa mkato mwembamba kama alama ya ukucha.

Vidole vikaugusa mkato. Vikahamia kijiti cha pili. Nacho kilikuwa nao.

"Unatafuta nini humo, fundi?" Bi Hadhara aliuliza.

"Nasikiliza tu."

"Haya, lipi zuri?"

Kitwana hakuvitoa vidole. "Muulize mke wangu. Anayajua yote mawili."

Salima aliinua uso. Kwenye upindo wa kanga yake kilikuwa kimenasa kipande cha maranda, cheupe.