Chumvi ya Shukrani

Machimbo yalipoporomoka, Mwatumu na jirani yake Sanura walikesha siku tatu kwenye mkeka mmoja, wakiomba dua ileile, kila mmoja kwa ajili ya mumewe. Mungu akasikia upande mmoja tu wa mkeka. Leo Sanura anasomesha dua ya shukrani, na pilau apike nani kama si Mwatumu, ambaye mkono wake unajulikana mji mzima?

Vicheko vya uani vilimchoma. Maji ya pilau yalikuwa yakitokota. Mwatumu akachota chumvi konzi nzima, akanyoosha mkono juu ya sufuria. Na waionje, wajue ladha ya kinywa chake.

"Shemeji."

Alikuwa Shomvi, mume wa Sanura, akichechemea kwenye mlango wa jiko. "Naomba nikae humu. Huko nje nashindwa kuitikia amina."

"Una nini cha kukushinda? Si wewe uliyesikilizwa!"

Shomvi akainamisha kichwa. "Mle chini tulikuwa na chupa moja ya maji. Kila mara mumeo aliniambia, kunywa kwanza, mimi nimeshakunywa. Giza, shemeji. Sikumwona. Nilimwamini."

Kuni zikapasuka mekoni.

"Mwatumu, mwenzangu!" Sanura aliita kutoka uani, sauti yake imejaa furaha. "Chumvi umeshatia?"

Mkono wa Mwatumu ulikuwa bado juu ya mvuke, umefumbwa, na chumvi iliyolowa ikaanza kudondoka vidoleni, tone baada ya tone.