Soksi Yenye Uzi Mwekundu

Kwenye maonyesho ya michoro, mke wa kaka wa mchoraji alisimama mbele ya mchoro mmoja mpaka mchoraji akaanza kutokwa jasho.

Ulikuwa wa bustani ya mjini anakotembea mchoraji kila siku na daftari lake: benchi, majani makavu, na mwanamume aliyelala saa za kazi, viatu kavua, gazeti usoni. Wageni wote walikuwa wameusifu.

"Huyu ulimchora lini, shemeji?"

"Kitambo," akajibu.

Siku ile alimtambua kaka yake tangu mbali. Badala ya kumwamsha amuulize kulikoni, alichutama nyuma ya kichaka akatoa penseli, eti mwanga ulikuwa mzuri. Gazeti aliliongeza nyumbani, akidhani amemsitiri.

Shemeji akanyoosha kidole hadi kwenye soksi, pale kisiginoni paliposhonwa kwa uzi mwekundu.

"Uzi mweusi ulikuwa umeniishia," akasema polepole.

Mchoraji akauficha mkono wake mfukoni, ule wa kuchorea.

Mlango ukafunguka. Kaka mtu akaingia na tai shingoni, anahema, anatabasamu.

"Mnisamehe jamani. Leo kazini wametubana kwelikweli."