Kitovu Kisichozikwa

Huku chini ya ardhi ya sayari ya Mirihi hakuzikwi kitu. Vyumba vilichimbwa mwambani, na kuta zake zimepakwa utando unaozuia hewa isitoroke. Ukiutoboa, umewaua jirani zako. Kila kitokacho mwilini huenda kwenye pipa la mboji, kikaoteshe mchicha.

Kitovu cha mwanawe kilipodondoka, Mwanaidi alikifumbata kiganjani. Kwao Pangani kitovu huzikwa ardhini, na hapo ndipo mtu hupaita kwao maisha yake yote.

"Lete, mwanangu," alisema Bi Saumu, mkusanyaji wa vitu vya mboji mtaani kwao, akiwa mlangoni na ndoo yake.

"Bi Saumu, nakuomba. Kijishimo cha kidole tu. Mtoto asiye na kwao atakuwa mtu gani?"

"Nikikuachia wewe, kesho kila mzazi atashika msumari. Unadhani vya wanangu vilikwenda wapi? Ni ndoo hii hii."

Mwanaidi akafumbua kiganja. Bi Saumu hakumtazama usoni.

Wiki zikapita. Siku moja wakiwa wanakula ugali na mchicha, Shani, binti yake mkubwa, naye mzaliwa wa huku huku chini, alisita na tonge mkononi.

"Mama, kitovu cha mdogo wangu kimo humu?"

"Huenda kimo, mama."

"Na changu?"

"Tulishakila."

Shani akafikiri, kisha akatabasamu kama aliyetegua kitendawili. "Basi kwetu ni tumboni mwako!"

Mwanaidi akamvuta kifuani, tonge lake mwenyewe likiwa kinywani, asiweze kulimeza wala kulitema.